Shokapu za mbele za YZ250F: ninunue seti nyingine, valvu, au springi tu?

Mchanga_Mtupu ameuliza:

Wakuu, naomba ushauri wa wanaofungua shokapu kwa mikono yao.

Pikipiki ni Yamaha YZ250F ya 2016, mbele ina KYB SSS za springi zilizokuja nayo. Uzito wangu ni kilo 88, na nikivaa buti, kofia na vyote vingine nafika 97. Naendesha sehemu za aina mbili: mchanga wa Kigamboni, na ardhi ngumu upande wa Pugu ambayo masika ikiisha inabaki na mifereji na kingo kali.

Kwenye vituta vidogo mikono inapigwa, hasa nikishika breki kuingia kona. Lakini nikiruka nikatua fupi, shokapu zinagonga mwisho mpaka usukani unalia. Mchangani gurudumu la mbele linazama na kutaka kujikunja. Kompresheni (kizuizi cha oili shokapu ikishuka) iko kliki 14 kutoka kufungwa, rebaundi (ikirudi juu) 12. Kompresheni nimeifungua makusudi ili ilainike, na vituta vimezidi kuumiza.

Oili ilibadilishwa gereji. Kopo sikuliona. Oili yenyewe ni nyekundu.

Ninachofikiria: (a) Showa za milimita 49 za CRF450R zilizotumika, au nijikamue ninunue Öhlins RXF 48, (b) Gold Valve za Race Tech niweke kwenye hizi hizi, (c) springi tu. Ipi inamaliza tatizo?

---

Fundi_Springi amejibu:

Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe: umefungua kompresheni, vituta vimezidi kuumiza. Shokapu ngumu ukiifungua inalainika. Yako haina ugumu, inakaa chini mno. Ukishika breki inazama hadi theluthi ya mwisho ya mwendo wake, na huko hewa iliyobaki juu ya oili imeshabanwa sana. Kituta kidogo kikija kinakuta shokapu haina pa kwenda, ndiyo maana mikono inapigwa. Kutua fupi nako kunagonga kwa sababu hiyo hiyo. Ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima.

Funga tai ya plastiki kwenye bomba la ndani, lile linalong'aa, uisukume juu hadi kwenye sili ya vumbi. Zungusha raundi chache kama kawaida yako. Mwendo wote wa shokapu hizi ni karibu milimita 310. Tai ikibakiza milimita 10 hadi 20 baada ya ruko kubwa kuliko yote, uko pazuri. Ikifika mwisho kabisa bila ruko kubwa, springi au oili haitoshi. Ikibakiza 70 au 80 na mikono bado inapigwa, hapo ndipo tuzungumze habari ya shokapu ngumu.

Halafu nyuma, maana watu wengi wanatibu mbele wakati ugonjwa uko nyuma. Weka pikipiki juu ya stendi, gurudumu likining'inia, upime toka ekseli ya nyuma hadi alama kwenye madigadi, wima. Ishushe chini bila mtu, upime tena. Kisha panda umevaa vyote, usimame kwenye pegi, mwenzako apime mara ya tatu. Tofauti ya kwanza na ya tatu iwe milimita 100 hadi 105, ya kwanza na ya pili iwe 30 hadi 40. Hapa wengi wanajichanganya: ukishaweka 105 na mtu juu, halafu bila mtu ukapata chini ya 30, springi ya nyuma ni laini, umeikaza sana ili ikubebe. Ukipata zaidi ya 40, springi ni ngumu mno kwako.

Baada ya hapo toa springi za mbele uzipime. Alama za kiwandani hufutika, na pikipiki iliyopita mikononi mwa watu kadhaa huwezi kujua ndani kuna nini. Nenda Gerezani kwa mwenye presi, weka mzani wa kidijitali chini ya springi, pitisha nondo katikati ya springi ili isipinde na kuruka, ibane kwanza kidogo ikae, sifurisha mzani, kisha ibane milimita 100 kamili kwa venia. Kilo utakazosoma gawa kwa 100. Kilo 48 maana yake 0.48 kg/mm. Ukitaka N/mm zidisha kwa 9.81. Usibane milimita 20 ukaridhika: tofauti ya 0.48 na 0.50 hapo ni gramu 400 tu, mzani wa kawaida utakudanganya.

Kwa kilo 97 za mpanda na vifaa kwenye 250F, ningeanza na 0.50. Hizo KYB SSS ulizonazo zina sifa duniani kote, watu wanatoa shokapu za hewa ili wapate springi kama hizo. Kuzitoa uweke Showa za pikipiki nyingine ni kununua tatizo jipya.

---

Uzito_wa_Oili amejibu:

Oili nyekundu kutoka gereji ambayo kopo hukuliona? Mkuu, huenda hiyo ni ATF, oili ya giaboksi otomatiki.

Usisome namba za "5W" na "10W" kwenye oili za shokapu, kila kampuni inaandika inavyotaka. Soma cSt, yaani kipimo cha unato wa oili, kwa nyuzi 40. KYB 01 inayokwenda kwenye shokapu hizo ni karibu 15 hadi 16. ATF ya aina ya Dexron III ni karibu 34. Kama ndiyo hiyo, umewekewa oili nzito mara mbili, ndani ya valvu ambazo matundu na washa zake (visahani vyembamba vinavyozuia oili) zilipangwa kwa oili nyepesi. Kwenye kituta cha haraka oili haipiti kwa wakati, inasukuma kama ukuta. Rebaundi nayo inachelewa: vituta vikifuatana shokapu hairudi juu kabla ya kinachofuata, inazidi kushuka. Kwa hiyo Fundi_Springi yuko sahihi kwamba inakaa chini, ila sababu inaweza isiwe springi peke yake.

Na wasikuuzie hadithi kwamba Dar ni joto kwa hiyo uweke nzito. Oili nzuri ya shokapu ina kiwango kikubwa cha kuhimili mabadiliko ya joto, wepesi wake wa asubuhi na wa saa nane mchana haupishani sana. Hailiki ya ISO 15 nayo ni cSt 15 kwa nyuzi 40, lakini ikipata moto inakuwa maji, na haina viungo vya kupunguza msuguano kwenye bushi na sili. Ya dharura tu.

---

Washa_Kumi amejibu:

Nakubaliana na waliotangulia kuhusu springi na oili, ila niseme kitu kuhusu (b), maana watu wananunua valvu bila kujua wananunua nini.

Kliki zinafanya kazi kwenye mwendo wa taratibu wa shina la shokapu: kuzama kwa breki, kuinuka kwa gesi. Sizungumzii mwendo wa pikipiki. Ukipiga kingo kali, oili inapita kwenye pistoni na kuzikunja washa nyembamba zilizopangwa juu yake, kliki hapo haina sauti kubwa. Gold Valve ni pistoni yenye njia pana za oili pamoja na washa za kupanga upya kwa jedwali lao la uzito na aina ya uendeshaji. Kwenye shokapu za zamani zenye njia finyu mabadiliko ni makubwa. Kwenye SSS pistoni yenyewe haina ubaya, kinachotofautisha ni mpangilio wa washa, na huo unaweza kuubadilisha kwa washa chache bila kununua pistoni.

Ukifika huko, nunua maikromita kwanza. Ugumu wa washa unakwenda kwa unene mara tatu kwa nafsi yake. Washa ya 0.15 ni ngumu kama za 0.10 tatu na kitu (1.5 × 1.5 × 1.5 ni 3.375). Hata 0.11 badala ya 0.10, tofauti ambayo jicho haliioni na venia inaikosa, inaongeza theluthi nzima ya ugumu. Mtu anapanga mguu mmoja kwa 0.10, mwingine kwa 0.11, halafu analalamika kwamba valvu ni mbovu.

Mahali pa kuharibu ni nati ya shina la rebaundi. Imegongwa kiwandani ili isijifungue. Chonga kwa tupa sehemu iliyogongwa ndipo ufungue, ukilazimisha spana utaondoka na nyuzi za shina. Safisha chenga zote kabla ya kugusa washa, na wakati wa kufunga tumia Loctite na spana ya torki, maana nati hiyo ikifunguka ndani, washa zinasambaa kwenye katriji, yaani silinda ya valvu iliyo ndani ya shokapu.

Kwa ardhi yenye kingo kali, kinachopiga mikono mara nyingi ni valvu ya kati (iliyo kwenye pistoni ya shina), siyo ya kompresheni ya juu. Nafasi inayoachwa kati ya washa zake na pistoni ikiwa ndogo, shokapu inashika mapema. Kuongeza nafasi hiyo hata milimita 0.1 kunasikika mikononi. Lakini usiifungue bado. Ukibadilisha springi, oili na valvu siku moja hutajua nini kilisaidia.

---

Hewa_au_Springi amejibu:

Kidogo nje ya mada. Hapo juu imetajwa kwamba watu wanatoa shokapu za hewa. Wengi wanazitoa kwa sababu hawazipimi. WP AER 48 ya KTM ni nyepesi kuliko ya springi kwa zaidi ya kilo, na mtu wa kilo 97 anaongeza presha kwa pampu ndani ya dakika mbili bila kununua springi. Shida ni nidhamu. Presha inapanda kwa joto: ukiweka bar 10.5 asubuhi kwenye nyuzi 25, shokapu zikafika 45 juani, utakuwa na karibu bar 11.3. Kwa hiyo pima kivulini, shokapu zikiwa baridi, gurudumu la mbele likining'inia, kila siku kabla ya kupanda, na ubadilishe kwa bar 0.2 tu kila mara. Ukishajaza, zisukume juu chini mara kadhaa ili chemba mbili zisawazishe, kisha pima tena. Pampu ya matairi haifai, tumia ya shokapu yenye geji ya kusoma sehemu ndogo.

Ukweli mwingine ni kwamba sili ya hewa ikifa katikati ya siku, mbele inalala kabisa na siku imeisha. Springi haikufanyii hivyo. Anayetaka kuhama, WP wana katriji ya springi ya XACT PRO 6500 inayoingia kwenye miguu hiyo hiyo ya AER, haina haja ya kununua seti nzima.

Kuhusu (a), muuliza swali: ukitaka kuhamisha shokapu za Honda kwenda Yamaha, pima kwa venia unene wa bomba la nje mahali pa klampu ya juu na ya chini (ni vipimo viwili tofauti), kipenyo cha ekseli, umbali wa matundu ya kaliparo ya breki, na urefu wote kutoka ekseli hadi juu. Kimoja kisipolingana utahitaji klampu, au ekseli, au bushi za kuchongesha. Gharama ya hivyo vidogo vidogo ndiyo inayomaliza watu.

---

Mchanga_Mtupu:

Asanteni sana wakuu. Nimefungua, vipimo ni hivi:

Tai ya plastiki inafika mwisho kabisa, hata Pugu ambako maruko si makubwa.

Nyuma: na mtu 112, bila mtu 38.

Springi za mbele kwa milimita 100: moja kilo 47.6, nyingine 47.4.

Oili ya chemba ya nje (inayozunguka katriji), niliiacha itiririke dakika ishirini: kulia 340 cc, kushoto 290. Ya ndani ya katriji kushoto ni nyeusi, ina harufu mbaya. Bushi za kushoto zimeanza kuonyesha rangi ya shaba.

Springi niweke 0.50 au 0.52? Na hiyo tofauti ya cc 50 imetoka wapi, wakati sili za nje hazivuji?

---

Fundi_Springi amejibu:

Sasa tunaongea. Twende moja moja.

Nyuma kaza mpaka 105. Ukipunguza 7 kwa mtu, bila mtu nako itapungua karibu 7, utabaki na 31. Springi ya nyuma inakutosha, kwa shida lakini inakutosha.

Mbele una 0.475, ni laini kwako. Weka 0.50. Hiyo 0.52 ingefaa kama ungekuwa mtu wa Kigamboni tu, Pugu itakutoa meno. Ukikuta baadaye kwamba unataka katikati, weka 0.50 mguu mmoja na 0.52 mwingine: ekseli inaiunganisha miguu, kwa hiyo unapata 0.51 bila madhara.

Tofauti ya cc 50: kama sili za nje ni kavu, uwezekano wa kwanza ni kwamba aliyejaza hakupima. Wa pili ni kwamba katriji ya kushoto haikutolewa hewa vizuri, ikavuta oili kutoka chemba ya nje kujaza pengo. Pima na iliyotoka ndani ya katriji utajua. Vyovyote iwavyo, mguu wenye cc pungufu una hewa nyingi juu na unagonga mwisho kirahisi. Bushi zikionyesha shaba zibadilishe zote nne, miguu yote miwili, pamoja na sili. Usisubiri zivuje.

Kufunga katriji, wengi wanakosea hapa. Safisha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha. Jaza oili kwenye katriji, sukuma shina juu chini polepole mpaka usihisi tena sehemu tupu mwanzoni mwa mwendo, liache dakika kumi mapovu yapande, rudia. Funga valvu ya juu polepole. Kisha simamisha katriji, sukuma shina hadi mwisho kwa uzito wa mwili mara kadhaa: oili iliyozidi itatoka yenyewe kupitia matundu ya juu. Shina likirudi lenyewe, laini, bila kukatika katikati, umemaliza. Likisita au likitoa sauti ya mnyonyo, kuna hewa, anza upya.

Chemba ya nje weka kiasi cha kawaida kilichoandikwa kwenye manual ya mwaka wako, sawasawa miguu yote, kwa bomba la sindano lenye vipimo, si kwa jicho kwenye kikombe. Manual itakupa pia mipaka ya juu na ya chini. Ikigonga mwisho ongeza cc 5, jaribu, ongeza tena 5. Usitumie oili kurekebisha sehemu ya kwanza ya mwendo, huko haifiki.

Kliki anza upya: kompresheni 10 nje, rebaundi 10 nje. Kumbuka kwenye hizi kompresheni iko juu na rebaundi iko chini kwenye mguu, watu waliozoea shokapu za zamani za katriji ya wazi wanazigeuza. Geuza kliki mbili kwa mara moja, kitu kimoja kwa raundi. Mbele itakaa juu zaidi kuliko ulivyozoea, kwa hiyo ikigoma kuingia kona pandisha mabomba milimita 3 kwenye klampu kabla hujagusa kliki.

---

Washa_Kumi amejibu:

Naongeza la ekseli, maana ukishafanya yote hayo ukafunga gurudumu vibaya, shokapu zitanata na utarudi hapa kuuliza valvu.

Kaza nati ya ekseli kwa torki, acha bolti za kubana za ule mguu unaoteleza juu ya ekseli zikiwa huru. Teremsha pikipiki, shika breki ya mbele, sukuma shokapu chini kwa nguvu mara sita hivi, mguu utafute mahali pake wenyewe. Ndipo ukaze hizo bolti. Klampu ya chini usiikaze kwa hasira: nyingi za daraja hili ni kati ya Nm 15 na 23, soma manual yako. Ukizidisha, unabana bomba la nje na bushi inakwama kila inapopita hapo. Ukihisi shokapu inasita mahali pale pale kila mara, fungua klampu ya chini kabla hujafungua kitu kingine.

---

Uzito_wa_Oili amejibu:

Na mchanga wa Kigamboni: kabla ya kuosha, shusha sili ya vumbi, futa kwa kitambaa, pitisha ukanda mwembamba wa filamu ya plastiki chini ya sili ya oili kutoa punje zilizoingia. Sili nyingi zinazovuja zina punje tu, hazijafa. Kiskrubu cha hewa kifungue gurudumu likining'inia, kila kabla ya kupanda. Oili ya nje badilisha kila saa 15 hadi 20 za kuendesha, ya katriji kila 40. Mpanda mchanga ahesabu ile ndogo.

---

Mchanga_Mtupu:

Nimeelewa. Springi 0.50, bushi na sili seti mbili, oili ya cSt 15. Valvu zinabaki zilivyo. Mwenye presi ya kuingizia bushi za milimita 48 bila kuzichubua, kati ya Kariakoo na Chang'ombe, anielekeze.

---

Fundi_Springi amejibu:

Presi ya nini mkuu? Bushi hizo zina mkato, ya bomba la ndani unaipanua kidogo kwa vidole na kuivika. Ya nje inashuka kwa kigongeo cha bomba cha 48, ambacho mchongaji yeyote wa Gerezani atakukatia kwa bomba la PVC nene. Weka bushi ya zamani juu ya mpya, ndipo ugonge juu ya ile ya zamani.